Mombasa mpaka Gigiri: safari yangu ya intavyuu ya viza ya ndoa

Nimerudi Mombasa kutoka Gigiri, kule Nairobi uliko ubalozi wa Marekani, nimelala nikaamka, sasa wacha niandike kabla mambo hayajanitoka. Bei na saa nimezitoa kwenye daftari dogo nililokuwa nalo mfukoni na kwenye picha za simu. Huku pwani nyumba nyingi zina mke ama mume ng'ambo, lakini ukiuliza hiyo intavyuu ikoje wakwambia tu enda Nairobi, watakuuliza maswali, basi. Mimi nilitaka kujua mambo yote na sikumpata wa kunieleza, ndo maana naandika kwa urefu.

Mke wangu ni raia wa Marekani. Alizaliwa Kibokoni, wazazi wakahama naye angali mdogo, sasa yuko Columbus, Ohio, afanya kazi ya kutunza wazee. Ndoa tulifunga hapa hapa Mombasa. Yeye ndo aliyefungua kesi ya kuniita kwa fomu I-130, dola 625 ukituma kwa mtandao, ikapita USCIS, idara yao ya uhamiaji, ikaenda NVC, kituo chao cha viza kule New Hampshire, hapo tukalipa dola 325 za viza na dola 120 za fomu ya dhamana, mimi nikajaza DS-260, fomu ya kuomba viza yenyewe, tukapakia vyeti, tukangoja. Mke ama mume wa raia hawekwi kwenye ile foleni ya namba za kila mwaka kama ndugu wengine, lakini kungoja kupo na kwachosha roho, msidanganywe. Siku barua ya intavyuu ilipoingia kwenye imeili nilikuwa bandarini kazini, nikampigia mke wangu na kwake ilikuwa usiku wa manane, akapokea akilia kabla sijasema neno.

Ijumaa na Jumamosi, Kisauni

Siku mbili za makaratasi. Good conduct, ile ya polisi ya kuonyesha huna rekodi ya uhalifu, nilikuwa nayo tayari, hiyo waomba kwa eCitizen, shilingi 1,050, halafu waenda kutiwa alama za vidole, mimi nilienda Huduma Centre ya pale Posta, Digo Road. Msingoje barua ya intavyuu ndo muanze kuitafuta, NVC wenyewe waitaka mapema.

Kitu kilichonipa kazi ni jina la baba. Cheti changu cha kuzaliwa kimeandikwa Saleh, kitambulisho kimeandikwa Swaleh, na hili nawajua watu wengi wa huku wanalo, karani aliandika alivyosikia miaka hiyo na wewe ndo wabaki nalo maisha. Nilikula kiapo kwa wakili mjini, karatasi moja yenye muhuri inayosema hayo majina mawili ni ya mtu mmoja. Fanyeni hivyo mapema, wakili alinitoza 1,000 na ilichukua nusu saa.

Halafu chanjo. Mke wangu alinambia niulize nyumbani kama kuna kadi ya kliniki, nami nikamwambia kadi ya mtoto wa miaka thelathini itatoka wapi. Mama akaingia chumbani kwake, akatoka na mkebe wa Kimbo wenye kutu mdomoni, ndani mna vyeti vyetu sote, risiti za shule, picha ya marehemu baba, na kadi yangu ya kliniki imekunjwa mara nne ndani ya karatasi ya nailoni. Kona moja imeliwa na mende lakini tarehe zote zasomeka, wino wa buluu, polio, pepopunda, surua, na sahihi ya nesi. Akanikabidhi akasema, "Nilijua iko siku utaitaka, baba." Nilimbusu mkono.

Jambo la mwisho lilikuwa picha, na hili nataka mlisikilize vizuri. Wale watu wanataka ushahidi kwamba ndoa ni ya kweli, na picha ni moja ya ushahidi. Sasa harusi zetu mwazijua. Nikaha ni msikitini, wanaume watupu, bi harusi yuko kwao. Kupamba ni wanawake watupu na simu zakusanywa mlangoni. Kwa hivyo ukipanga picha zako mezani waona harusi ya wanaume kumi na tano wenye kanzu na koti, na bi harusi hayupo! Nilikaa na mke wangu kwa simu mpaka usiku tukitafuta. Tulipata moja aliyopiga mamake mdogo nilipoingia kumpa mkono, mkono wake una hina mpaka kwenye kiko, wangu uko juu yake, na uso wake waonekana nusu chini ya mtandio. Tukaongeza za fungate Lamu, za mara alizokuja likizo na tiketi zake za ndege, risiti za pesa alizonitumia, na kurasa za meseji, siyo zote, kidogo kidogo za kila mwezi.

Jumapili, Miritini mpaka Syokimau

Nilikata tiketi ya treni ya asubuhi, ile ya saa mbili inayosimama vituoni, daraja la kawaida 1,500, walipa kwa M-Pesa. Kutoka Kisauni nilichukua tuktuk saa kumi na moja alfajiri, tukakubaliana 800, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, Changamwe malori yamejipanga hayaendi mbele hayarudi nyuma. Dereva, kijana mdogo tu, aliponiona nachungulia saa kila dakika akauliza naenda wapi, nikamwambia. Akakata kona akaingia vichochoroni, maji yafika kwenye ekseli, akatokea mbele ya foleni yote. Miritini nikampa 1,000, akarudisha mia mbili yangu akasema nimuombee naye apate safari.

Fikeni stesheni saa nzima kabla, siyo utani. Mizigo yapangwa chini mstari mmoja mbwa wapite wakinusa, halafu mashine, halafu kitambulisho na tiketi, halafu mashine tena. Mimi faili langu sikuliweka chini kwenye maji, yule askari akaniruhusu nilishike mkononi, mbwa akalinusa hapo hapo.

Viti vya daraja la kawaida mwatazamana, magoti kwa magoti. Mariakani, Miasenyi, mpaka Voi nilikuwa nasinzia. Voi akaingia mama mmoja wa Kitaita na mwanawe wa kiume, yuampeleka Nairobi hospitali, akanitolea ndizi mbili kwenye kikapu bila kuniuliza jina. Tulipopita Tsavo akamuonyesha mtoto ndovu, wekundu kwa ule udongo, watano hivi kando ya tuta la reli. Mtoto alikuwa hajaongea tangu Voi, hapo akasimama juu ya kiti. Mama akaniambia daktari ndo atajua, yeye kazi yake ni kumfikisha. Nilimpa chupa yangu ya maji na viazi vya karai alivyonifungia mama, tukala watatu. Ukiweza beba chakula, cha ndani ya treni ni ghali.

Syokimau tulifika saa nane mchana na ushei, pale pale waingia treni ndogo ya mjini, nauli ni ndogo sana ukilinganisha na teksi. Ukitoka stesheni kuu ya Nairobi, mbele kidogo ndo ile bustani ya kumbukumbu ya Agosti 7. Nilisimama hapo na begi langu. Ubalozi ulikuwa hapo mpaka bomu la mwaka 1998, watu zaidi ya 200 walikufa hapa mjini, wengi wao Wakenya waliokuwa wanapita ama wako kazini kwao. Majina yameandikwa ukutani. Nilisoma Fatiha nikaenda zangu. Ukifika Gigiri ukaona kuta na mageti na ukaguzi, usinung'unike, sababu yake ni hiyo.

Nilifikia kwa shangazi, Eastleigh. Alikuwa amepika wali wa nazi na samaki wa kupaka ati nisijione niko mbali.

Jumatatu, vipimo

Vipimo vya afya lazima ufanye kwa daktari aliyeidhinishwa na ubalozi, siyo daktari wako, hata awe bingwa. Orodha iko kwenye maelekezo yanayokuja na barua. Waenda na pasipoti, barua ya intavyuu, picha za pasipoti za kipimo cha Kimarekani, inchi mbili kwa mbili, nyuma nyeupe, miwani hakuna, na kadi ya chanjo kama unayo.

Wakapima urefu, uzani, macho, presha, wakatoa damu ya kaswende, wakanipiga eksirei ya kifua. Nesi alipoifungua ile kadi ya mama akamwita mwenzake aje aione. Ilinipunguzia sindano, lakini siyo zote. Surua niliyopigwa mtoto ilikuwa surua peke yake, rubella haikuwa kwenye chanjo za Kenya miaka ile, kwa hivyo nikapigwa ile ya pamoja, na nyingine mbili. Mkono uliuma mpaka Jumatano.

Hapa kuna jambo la kuzingatia. Kama eksirei yako ina doa lolote, hata la kifua kikuu ulichotibiwa zamani ukapona, watataka makohozi, na yale hupandwa maabara mpaka wiki 8 ndo majibu yatoke. Mzee mmoja tuliyekaa naye bench lilikuwa limemfika hilo, intavyuu yake ikasogezwa, na yeye ni mtu wa Malindi, nauli ya kuja na kurudi juu yake. Kwa hivyo vipimo usiviweke siku mbili kabla ya intavyuu. Na ukishafanya, viza haitapita muda wa vile vipimo, kawaida ni miezi 6, kwa hivyo mapema sana pia haifai.

Jumanne mpaka Jumapili, Eastleigh

Kungoja majibu, kula anjera asubuhi, kusaidia duka la shangazi. Hakuna la kuandika isipokuwa Jumapili usiku.

Jumapili baada ya isha mke wangu akapiga, wakili aliyemsaidia amesema nitoe kopi za kodi zake za mapato upya kwa sababu zile nilizokuwa nazo maandishi yamefifia. Kodi zinaenda na fomu ya dhamana, I-864, ile ya kuonyesha kwamba mwenye kukuita ana kipato cha kukuweka, asilimia 125 ya kile kiwango chao cha umaskini, na kama hafiki atafute mdhamini mwenza. Nikateremka mpaka kwa kijana wa fotokopi, akafungua faili, akaprinti kurasa tatu, stima ikapotea mtaa mzima. Saa tatu na nusu usiku, na mimi saa kumi alfajiri niamke! Yule kijana, Msomali, hatujuani, akafunga duka lake, akachukua flashi yangu, akasema "twende." Tumetembea labda dakika kumi na tano gizani mpaka kwa rafikiye mwenye jenereta, akamuamsha, wakatoa kurasa zote, wakazipanga kwa mwaka na wakanipa klipu. Pesa walichukua ya karatasi tu, 10 kwa ukurasa. Nikasisitiza ya usumbufu, wakakataa, mmoja akaniambia hata dadake alipita njia hiyo.

Jumatatu, Gigiri

Apointimenti ilikuwa saa moja na nusu asubuhi. Binamu yangu alinisindikiza, na hili nawashauri wote, kuwa na mtu wa kubaki na simu na begi, kwa sababu mimi nilitaka kuingia na faili tu na pasipoti. Tulipanda matatu za Ruaka kutoka mjini, ukishuka pale UN Avenue ubalozi uko ng'ambo ya ofisi za Umoja wa Mataifa. Alfajiri hiyo Nairobi ni baridi kweli, mtu wa Kisauni beba sweta.

Nje foleni imeshaanza. Mbele yangu alikuwa mama wa Kisomali na mtoto mgongoni, anaenda kwa mumewe, nyuma yangu jamaa wa Kisumu amevaa suti. Hakuna aliyekuwa akiongea mpaka yule mtoto akaanza kulia, hapo kila mtu akatafuta chake, jamaa wa Kisumu akatoa biskuti, mimi nikamshikia mama faili lake ambembeleze. Askari mmoja aliona akampitisha mbele na hakuna aliyepinga. Kabla sijampa binamu simu nilimtumia mke wangu meseji. Kwake ilikuwa bado haijafika saa sita usiku, akajibu halali mpaka nitoke.

Ndani kuna dirisha la kukagua vyeti, wachukua asili na kopi, wakuchukua alama za vidole, halafu wakaa ungoje namba. Pangeni kwa mpangilio wa barua yenyewe: barua, pasipoti, karatasi ya DS-260, picha, cheti cha kuzaliwa, cha ndoa, good conduct, dhamana na kodi, halafu ushahidi wa ndoa peke yake. Mwenzangu mmoja karatasi zilikuwa zote ndani ya bahasha moja, alizimwaga kaunta akawa anatetemeka, nilimuonea huruma sana.

Namba yangu ikaitwa. Afisa ni mwanamke wa makamo, akanisalimia kwa Kiswahili, akauliza nataka kuongea lugha gani, nikachagua Kiswahili kwa sababu sikutaka neno hata moja linipotee, akawepo mkalimani. Nikainua mkono wa kulia nikaapa kusema kweli. Mlijuana vipi? Familia zinajuana tangu Kibokoni, nikampigia simu siku ya msiba wa nyanyake, tukaendelea. Afanya kazi gani, zamu zake ni saa ngapi? Nikamueleza, za usiku, atoka saa moja asubuhi kwao. Mara ya mwisho mmeonana lini? Jina la baba mbona mawili? Nikatoa kiapo, akakiangalia, akarudisha.

Halafu akachukua zile picha. Akaishika ile ya msikitini, akaniuliza mke wako yuko wapi hapa.

Nikamwambia hayupo. Nikamueleza, sisi ndoa hufungwa baina ya walii na bwana harusi mbele ya mashahidi, yeye ameshaulizwa ridhaa yake kwao, huyu mzee aliyenishika mkono ni babake, ndo aliyeniozesha, na hapa ndo nasema nimekubali kumuoa kwa mahari yaliyotajwa. Akauliza, mahari yalikuwa nini. Nikataja bangili za dhahabu na pesa, naye akateremsha jicho kwenye cheti cha kadhi, mahari yameandikwa pale pale. Nikamsogezea ile picha ya mkono. Nikasema, tukitoka msikitini twaenda na kaswida mpaka nyumbani kwao, ndo mara ya kwanza namshika mkono akiwa mke wangu, na huyu aliyejifunika nusu uso ndo yeye. Aliitazama muda. Akauliza aliyepiga ni nani, nikamwambia, akauliza ile hina huchukua muda gani kupaka. Nikasema siku nzima kwa bi harusi. Akatabasamu, akaandika kwenye kompyuta, akaandika tena.

Akasema viza yangu imekubaliwa. Pasipoti wakabaki nayo. Sikumbuki niliaga vipi. Yote mbele ya dirisha haikufika dakika kumi na tano.

Wengine walitoka na karatasi ya 221(g). Hiyo siyo kunyimwa moja kwa moja, mara nyingi kuna cheti kimepungua ama wanaendelea kuchunguza, wakupa maelekezo cha kuleta. Yule jamaa wa Kisumu alipewa, good conduct yake imepitwa na muda, alinambia nje kwa utulivu kabisa kwamba ataitafuta kesho yake.

Kwa binamu nikachukua simu. Mke wangu alipokea kabla haijalia, nikamwambia "wamekubali," akanyamaza, halafu nikasikia mamake nyuma akipiga vigelegele, saa nane usiku Columbus, majirani wasamehe.

Jumanne, kurudi

Nilirudi kwa basi la mchana, treni zilikuwa zimejaa. Mtito Andei tulisimama kula, chapati na maharage 150. Mackinnon Road dereva akasimama pale msikitini kwa Seyyid Baghali, nikateremka nikaswali, nikatia sadaka, na nikawaombea yule mtoto wa Voi na yule wa fotokopi. Nyumbani nilifika usiku, mama hajalala.

Baadaye, pasipoti

Pasipoti ilikuja na viza ndani, imeandikwa CR1, kwa sababu ndoa yetu haijatimiza miaka 2. Iliyotimiza hupewa IR1. Tofauti ni hii, mwenye CR1 green card yake, yaani kadi ya ukaazi, ni ya masharti na ya miaka 2 tu, na ndani ya siku 90 za mwisho lazima mjaze I-751 pamoja kuondoa masharti, andikeni tarehe hiyo mahali msipoisahau. Kabla ya kusafiri kuna ada nyingine ya dola 235 ya USCIS, yalipwa kwa mtandao, ndo kadi itumwe ukishafika. Angalieni pia jina na tarehe ya kuzaliwa kwenye viza siku hiyo hiyo mkiipata, kosa ni rahisi kurekebishwa ungali hapa.

Sasa nafunga mizigo. Mke wangu ameagiza bizari ya pilau, iliki, buibui mbili na mbuzi ya kukunia nazi, mama ameshaipata Marikiti. Bizari kavu nitaitaja kwenye fomu ya forodha. Nyama kavu shangazi alitaka kunifungia nikamuomba aiache, haziruhusiwi kuingia kule.